Vidole Viwili vya Barafu

1

"Weka chumvi," alisema yule bwana hata kabla ya kuketi. "Nina safari ya Dodoma mchana huu."

Dada yake, ambaye alikuwa ameshakaa kwenye kigoda na kukunja mikono ya sweta, alimtazama.

Aisia alikuwa amewazoea wateja wa aina hii. Alifungua sanduku la baridi, akatoa tofali la barafu lililoandikwa jina la baba yao, akalipindua ili maneno ya kwanza yawe juu, akalilaza kwenye sinia. Sinia lenyewe lilikuwa limeinama kidogo upande mmoja, na chini yake palikuwa na beseni. Pembeni yalichomoza masikio manne ya shaba, ya kushikwa na wale waliokuja kusikiliza.

"Lazima mkubaliane," alisema. "Ndiyo sheria yetu. Bila chumvi ni saa tatu, hapa hapa barazani kwenye kivuli. Baba yenu alikaa saa tatu kule juu mlimani akizungumza huku maji yakiganda mbele yake, tabaka juu ya tabaka. Hapa barafu itayeyuka kwa mwendo ule ule, na kila neno litatoka kama alivyolisema. Nikiweka chumvi ni dakika arobaini. Sauti itakuwa kubwa, maana mapovu mengi yatapasuka kwa pamoja. Lakini itakimbia, na kuna maneno yatakayokanyagana."

"Simu haiwezi kurekodi?"

"Simu itarekodi barafu ikilia ta-ta-ta, basi. Sauti hii haipiti hewani. Inapanda kwenye mifupa ya mikono yenu. Na inapanda mara moja tu."

Yule bwana aliangalia saa. Dada yake akashusha pumzi.

"Weka tu, mama," dada alisema. "Baba mwenyewe alikuwa mtu wa haraka."

Aisia akachota chumvi ya mawe konzi tatu, akaitandaza juu ya tofali kama anayelisha kuku. Barafu ikaanza kulia papo hapo. Kaka na dada wakashika masikio ya shaba, na nyuso zao zikabadilika kwa pamoja, kama nyuso za watu walioitwa majina yao kwa nyuma.

Yeye alirudi jikoni kuwapisha. Baada ya dakika arobaini alipotoka, sinia lilikuwa tupu na yule bwana alikuwa bado ameshika shaba.

"Hapo katikati," alisema taratibu, "alianza kusema jambo kuhusu mama yetu. Aliendelea vipi?"

"Hayo yameshakwenda na maji, baba."

Bwana yule hakusema tena habari ya Dodoma. Alisaidia kubeba beseni mpaka barabarani, wakamwaga maji kwenye kokoto. Maji ya chumvi hayamwagwi kihambani, kwenye shamba la nyumbani. Migomba haiyawezi.

2

Siku ya kwanza Aisia na wenzake walipoanza mafunzo ya kuyeyusha, miaka mingi kabla, mwalimu wao aliweka mabonge sita ya barafu yaliyolingana kwenye masinia sita. La kwanza alilinyunyizia chumvi, la pili magadi, la tatu sukari, la nne mchanga, la tano majivu ya jikoni. La sita aliliacha lilivyo. Wanafunzi wakaambiwa wakae waangalie wasiguse.

Chumvi ilimaliza kwanza. Mwalimu akawaeleza kwamba hata kwenye barafu iliyotulia, maji huwa yanatoka na kurudi, yanatoka na kurudi, kama watu mlangoni siku ya harusi. Chembe za chumvi zikiingia zinasimama pale mlangoni. Maji yanatoka, lakini kurudi yanashindwa. Magadi nayo huzuia hivyo hivyo, ila kwa uvivu. Sukari huzuia kidogo tu, na sauti inayotoka huwa inanata, kama mtu anayezungumza huku anatafuna. Mchanga na majivu hayazuii chochote. Kivulini yalikwenda sawa na lile bonge lililoachwa lilivyo. Lakini masinia yaliposogezwa juani, bonge la majivu lilianza kutota mara moja, kwa kuwa rangi ya giza hulivuta joto la jua na kulishika.

"Vyote hivi viko jikoni kwenu," mwalimu alisema. "Kwa hiyo kazi ninayowafundisha hapa ni ya kumuuliza mtu anataka kusikia nini. Kutia chumvi kila mtu anajua."

Aisia alikuwa ameuliza watu swali hilo kwa miaka kumi na tisa. Yeye mwenyewe hajaulizwa, au tuseme aliulizwa na akajibu kwamba anafikiria.

Kwenye kona ya sanduku la baridi, chini kabisa, lilikuwapo tofali la mume wake, Ndekirwa. Lilikuwa na miaka minne.

Ndekirwa alikuwa msimamizi wa mfereji. Ndiye aliyefungua na kufunga maji ya zamu kwa nyumba arobaini, na alizungumza kama alivyofungua maji: kidogo, kisha anasubiri aone yamefika wapi. Kwenye mikutano ya mfereji watu walitoka nje, wakajibu simu, wakarudi, wakamkuta kwenye sentensi ile ile. Kifua kilipoanza kumsumbua, na daktari akamweleza kwamba hakitapona, alipanda mlimani na wenzake wawili. Siku hizi Kibo ni jiwe tupu, jeusi mpaka kileleni, lakini baridi yake bado ipo, na kule juu kuna Chumba cha Pumzi, ambamo mtu huvua viatu, hukaa kwenye blanketi mbele ya chombo cha maji na kusema anachotaka kukiacha. Ndekirwa alirudi na tofali lake kwenye mfuko wa manyoya. Alipoulizwa alisema nini, alifikiri kwa muda mrefu.

"Nilisema," akajibu.

Wayeyushaji wana desturi kwamba mtu hayeyushi wa kwake. Humwita mwenzake. Kwa miaka minne Aisia alijificha nyuma ya desturi hiyo. Mwenzake, Eliakunda wa ng'ambo ya korongo, alikuwa akimpigia kila mwaka mpya.

"Sinia langu lipo, Mama Haika. Mimi mwenyewe nipo. Nikifa kabla hujaamua utaniyeyusha mimi kwanza."

Ukweli Aisia aliujua. Siku akiyeyusha, hapatakuwa tena na kitu cha kusubiri. Na akiyeyusha, itakuwa bila chembe ya chumvi: saa tatu nzima, na kila kituo cha Ndekirwa mahali pake. Maneno yake angeweza kuyakisia. Alichokikosa nyumbani ni ule muda kati ya neno na neno.

3

Jumatano ile aliporudi kutoka barazani alimkuta mama mkwe wake, Bibi Shukurwa, akimenya ndizi kwa kisu kidogo. Wawili hao waliishi pamoja tangu Haika, binti pekee wa Aisia, alipoolewa Singida. Kwenye kiganja cha bibi palikuwa na lengelenge jekundu, kubwa kama kifungo cha koti.

"Mama, mkono umefanya nini?"

"Kikombe cha asubuhi."

"Kilikuwa cha moto kiasi hicho?"

"Sijui. Wewe ndiye ungeniambia."

Aisia akapiga magoti, akaushika ule mkono. Akabonyeza ncha ya kidole cha shahada, kisha cha kati, kisha katikati ya kiganja. Bibi Shukurwa alikuwa akitazama migomba.

"Nimekubonyeza wapi?"

"Ulikuwa unabonyeza?"

Ganzi hiyo ilitokana na ugonjwa wa sukari. Ilianzia miguuni miaka mitano nyuma, ikapanda, na sasa ilikuwa mikononi. Wote wawili waliijua, lakini Aisia alidhani iko kwenye ncha za vidole tu.

"Lakini mwezi uliopita," alisema, "tulipomyeyusha mume wa Mama Anande, ulishika shaba na sisi. Ulilia, Mama."

"Nililia kwa sababu Mama Anande alilia. Ningefanya nini? Mimi nilidhani barafu imeishiwa sauti. Nikamtazama yule Eliakunda, nikaona naye amefumba macho, nikasema kumbe ni mimi." Akaangusha ndizi kwenye sufuria. "Niliitikia kichwa pale mlipoitikia. Nadhani sikukosea."

Aisia alicheka bila kutaka, na bibi akacheka naye. Ndizi zilizokuwa zimebaki zilimenywa zote kabla bibi hajasema tena.

"Ile ya mwanangu haijaharibika humo ndani?"

"Haijaharibika."

"Haya. Siku utakayotaka, utaniambia. Nitakaa tu pale na wewe."

Hakuomba. Kama angeomba ingekuwa rahisi zaidi kwa Aisia. Alibaki na sufuria mkononi akiiona siku yenyewe ilivyo: yeye upande huu na masikio yake ya shaba, saa tatu, Ndekirwa akizungumza polepole na kwa sauti ndogo kama alivyokuwa, na upande ule mama mzazi wa Ndekirwa, miaka themanini na minane, akiitikia kichwa kila Aisia anapoitikia.

Bila chumvi, bibi hatasikia kitu. Kwa chumvi, sauti ingekuwa kubwa, huenda ingepenya ganzi. Huenda. Lengelenge lile lilimwambia kwamba baada ya miezi miwili hata gunia zima la chumvi lisingefika kwenye mifupa ya mikono ile.

Alhamisi alimpigia Eliakunda.

"Hatimaye," Eliakunda alisema. "Nije lini?"

"Jumapili."

"Nitakuja. Chumvi au bila?"

Aisia alifungua mdomo ajibu, kama alivyowasikia mamia ya watu wakijibu. Hakuna kilichotoka.

"Mama Haika? Upo?"

"Usije," alisema. "Nitafanya mwenyewe."

"Desturi je?"

"Desturi itanisamehe."

4

Jumapili mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye paa, kama ilivyo kawaida ya Julai upande ule wa mlima. Walirudi kutoka kanisani, wakabadilisha nguo. Bibi Shukurwa alijifunga kanga mpya, akaketi barazani, akasema yuko tayari hata kama hayuko tayari.

Aisia aliliweka tofali kwenye sinia. Lilikuwa jeupe kwa mapovu, ila kwenye tabaka za mwisho, ambazo sasa zilikuwa chini, mapovu yalikuwa membamba kama unga. Alilitazama kwa muda. Kisha akainuka, akaingia jikoni na kurudi na kopo la chumvi.

Bibi aliona kopo.

"Hiyo ya nini?"

"Ya kwako, Mama."

"Mimi sikusema."

"Najua hukusema. Mimi ndiye ninayesema."

"Utakosa vituo vyake." Bibi alijua. Miaka minne hawajalizungumzia, na bibi alikuwa akijua. "Mimi nilimsikia tangu hajajua kusema. Wewe ulimpata akiwa na miaka thelathini. Acha chumvi."

"Ningekaa saa tatu nakuangalia unaitikia kichwa," Aisia alisema, "na ningekuwa nasikia hilo tu, kwamba husikii. Lete mikono."

Akamwaga konzi tatu. Akafikiri, akaongeza ya nne. Akaikunja mikono ya bibi juu ya shaba na kuifunga kwa kitambaa isiteleze, kisha akashika ya kwake.

Barafu ikalia. Kwa muda kidogo ilikuwa ni mtetemo tu, na Aisia akamtazama bibi. Uso wake ulikuwa tupu. Halafu nyusi za bibi zikapanda.

"Ni nani huyo anayekimbizwa?"

Alikuwa Ndekirwa. Shikamoo-mama-natumaini-umeamka-salama, yote kwa pumzi moja, kama kondakta anayetaja vituo. Mama Haika, nawe, u hali gani, mimi sijambo, huku juu kuna baridi, wamenipa chai, si chai mbaya. Maneno ambayo Ndekirwa hai angeyatumia robo saa yalipita wakati bibi anameza mate.

"Tangu nimzae," bibi alisema, "hajawahi kuzungumza hivi. Amekunywa nini?"

"Nyamaza, Mama, anaendelea."

Akaendelea. Akataja ufunguo wa pili wa lango la mfereji, uliokuwa juu ya boriti ya zizi, ambao Aisia alishaupata na kuusahau. Akataja majina ya watu aliowapunjia maji mwaka wa ukame, watatu, akataka waombwe radhi. Kisha akamrudia mama yake. Mama, kile kibuyu cha maziwa nilikivunja mimi, siyo yule mbuzi.

Bibi Shukurwa akaachama.

"Nilimchapa mbuzi yule bure."

"Mama."

"Mbuzi alikuwa mzuri, Aisia. Nilimuuza kwa ajili ya kibuyu." Machozi yalikuwa yakimtoka na mabega yanacheka. "Miaka hamsini. Mjinga huyu. Miaka hamsini nakaa naye mezani."

Na hapo, chini ya kicheko cha bibi, Aisia akalisikia jina lake tena. *Na wewe Mama Haika, usi*... kisha kelele, maneno yamekanyagana kama mbuzi mlangoni, halafu mwishoni, wazi kabisa: ...*mpaka mvua za vuli. Haya basi.*

Barafu iliendelea kulia lakini sauti haikuwamo tena.

Aisia alijua kazi yake. Neno lililopita limepita.

"Alisema usi nini?" bibi aliuliza.

"Sikushika."

"Usipande maharage mpaka mvua za vuli."

"Maharage hajawahi kuyajali."

"Usimwone Eliakunda mpaka mvua za vuli."

"Mama, na siku ya Bwana hii."

"Mimi nakisia tu." Bibi akamtazama, na sasa hakuwa akicheka. "Lolote lile alilokukataza, mwanangu, mvua za vuli zimeshanyesha mara nne. Umesharuhusiwa."

Kitu fulani kilimtoka Aisia mabegani, kitu ambacho alikuwa amekibeba siku nyingi mpaka akadhani ni sehemu ya mgongo. Akavuta pumzi. Akaachia shaba, akainuka, akaanza kufungua kitambaa mikononi mwa bibi. Kwenye sinia palibaki kipande chenye unene wa vidole viwili. Wateja wakisikia kwaheri huwa wanaondoka, na vipande kama hivyo yeye huvimwaga barabarani pamoja na maji.

Akashika ukingo wa sinia.

"Unafanya nini?" bibi alisema.

"Amemaliza. Ameaga."

"Nani amemaliza? Huyo?" Bibi Shukurwa alikasirika kabisa. "Umeolewa naye miaka ishirini na saba. Alipokuwa akipiga simu, akisema haya basi, ilikuwaje?"

Aisia akasimama na sinia mkononi.

Ndekirwa akisema haya basi alikuwa hakati simu. Alibaki pale pale, unasikia anavyopumua, unasikia kuku wa nyumba ya jirani, mpaka wewe uliyepigiwa uone haya kukata. Kuna mara alimpigia kutoka bondeni, akaaga, na Aisia akapika mboga nzima huku simu iko wazi mezani.

"Ondoa chumvi yako," bibi alisema. "Mimi nimeshapata kibuyu changu. Hicho kilichobaki si cha mtu wa ganzi."

5

Alikiosha kile kipande kwa maji ya baridi kali kutoka kwenye sanduku, mara tatu, akionja kwa ncha ya ulimi mpaka chumvi ikaisha. Akalifuta sinia. Akachukua beseni lenye maji ya chumvi ili akayamwage barabarani.

"Lete hapa," bibi alisema.

"Ni ya chumvi, Mama."

"Miguu yangu imevimba. Daktari anasema maji ya chumvi, wewe unataka kuyapa barabara. Pasha moto kidogo."

Aisia akayapasha. Akayapima kwa kiwiko, kama yanavyopimwa ya mtoto, kwa kuwa miguu ile isingemwambia. Bibi Shukurwa akaitumbukiza moja moja, akafumba macho.

"Nilimwosha mimi, zamani," alisema. "Leo zamu yake."

Chini ya sinia Aisia akaweka sufuria safi. Maji ya kipande hiki hayakuwa na chumvi. Yangeweza kwenda kihambani, nyuma ya nyumba, kwenye shina la mgomba uliopandwa pembeni ya kaburi la Ndekirwa, kama yanavyokwenda ya watu waliosikilizwa bila haraka. Hilo nalo alikuwa ameshaliaga alipofungua kopo la chumvi.

Akaketi. Akashika shaba.

Mwanzo hakupata kitu, na akafikiri bibi amekosea. Lakini mtetemo ulikuwapo, mdogo, unapanda kwenye vifundo vya mikono na kushuka. Ulipanda tena. Ilimchukua muda kuujua, kwa kuwa katika miaka kumi na tisa hakuna mteja aliyewahi kumpa nafasi ya kuusikia. Ilikuwa ni pumzi. Ndekirwa amekaa kwenye blanketi, ameshasema alichokuwa nacho, na hajaondoka. Anavuta pumzi kwa ile sauti ya kifua kibovu, anaishika kidogo, anaiachia. Amekaa tu. Maji yanaganda mbele yake.

Mawingu yakainuka kidogo kutoka kwenye paa. Ng'ombe wa jirani akalia na kunyamaza. Tone lilianguka kwenye sufuria, kisha lingine, kila moja kwa wakati wake, na katikati ya tone na tone hapakuwa na neno, na Aisia hakulitaka.

"Anasema nini?" bibi aliuliza bila kufumbua macho.

"Hasemi. Yupo."

"Enhe."

Barafu ikawa ya kidole kimoja. Ikawa nyembamba kama kioo, unaona sinia upande wa pili. Pumzi ikabadilika. Ikawa fupi, yenye kuguna, pumzi ya mtu anayeinama, na ikafuatiwa na mkwaruzo juu ya sakafu. Mkwaruzo mwingine. Kimya. Kisha mkwaruzo wa tatu, mbali zaidi.

"Ameondoka?" bibi aliuliza.

Aisia alikuwa akitabasamu, na mashavu yake yalikuwa yamelowa, na hakuachia shaba ili ayafute.

"Bado, Mama. Anatafuta kiatu."

"Cha kushoto," Bibi Shukurwa alisema, akichezesha miguu kwenye maji. "Mwambie kiko nyuma yake."